Upande Unaogusa Ngozi

Jumanne, 12 Machi

Mvua imeanza leo, tukiwa hatujafungua hata dirisha. Duka letu ni chumba cha mbele cha nyumba ya mama mkwe: vyerehani viwili, mashine moja ya kutarizi ambayo mimi na wifi tuliinunua ikiwa imeshatumika, meza ya pasi, na kiti cha Mama karibu na dirisha. Mume wangu yuko safarini na lori lake, kwa hiyo nyumbani tuko wanawake watatu: Mama, wifi yangu ambaye ni binti yake, na mimi.

Tumepata kazi ya kutarizi nembo kwenye masweta ya shule. Nembo yenyewe ni duara lenye kitabu na mwenge ndani. Sweta la kwanza, duara limetoka yai. La pili vivyo hivyo, na sufu pembeni imejikunja kama uso wa mtu aliyelamba ndimu. Wifi akaliinua kwenye mwanga, akasema, "Shule imebadilisha masomo. Siku hizi wanafundisha ufugaji wa kuku."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha tukakumbuka shule inafunguliwa lini, na kicheko kikakatika.

Jumatano, 13 Machi

Nimekwenda kwa muuza nyuzi na lile sweta la yai. Hakuitazama nembo. Alilipindua ndani nje, akapapasa nyuma yake kwa kidole gumba. "Mmetumia ya kuchana," akasema.

Chini ya kila kitambaa tunachotarizi tunaweka kitu cha kukishikilia kisivutwe na nyuzi. Tunakiita karatasi, ingawa kwa kweli si karatasi. Ipo ya kuchana, ambayo ukimaliza unaichana kama bahasha. Hiyo inafaa shati, inafaa shuka. Ipo ya kukata: unaipunguza kwa mkasi kuzunguka tarizi, na sehemu inayobaki inakaa humo siku zote. Na ipo ya maji, nyembamba kama nailoni, inayowekwa juu ya taulo au sufu ili uzi usizame, halafu inayeyuka ukiilowesha.

"Sweta linavutika," akaniambia. "Ukishaichana karatasi, likifuliwa litashikwa na nani? Kitambaa kinachovutika kinataka mwenzi wa kukaa naye maisha."

Akanionya pia tusilibane sweta kwenye fremu, ile duara ya mashine inayokaza kitambaa. Ibanwe karatasi peke yake, ipuliziwe gundi kidogo, sweta lilazwe juu yake bila kuvutwa.

Tumefanya hivyo jioni. Duara limekuwa duara.

Ijumaa, 15 Machi

Mvua. Masweta. Mvua.

Jumatatu, 18 Machi

Mama ametoka bila sisi kujua. Tulikuwa tumeinamia mashine. Nilipoinua macho, kiti kitupu. Hakufika mbali. Tulimkuta kwenye kona, amesimama mbele ya fundi viatu, anamwuliza zamu inaanza saa ngapi. Mama alifanya kazi ya kufua nguo hospitalini miaka mingi kabla ya kustaafu. Siku hizi kichwa chake hurudi huko, na miguu inakifuata. Daktari alishatuambia kwamba huu ugonjwa wa kusahau haurudi nyuma. Unakwenda tu, pole au kasi.

Fundi viatu anamjua. Mtaa wa pili hawamjui.

Wakati wa kula nikamwambia wifi, "Mashine tunayo. Tumtarizie jina na namba ya simu kwenye nguo zake. Akipotea, mtu atapiga."

Wifi akaweka kijiko chini. "Mama si gunia, la kuandikwa linakotoka na linakokwenda."

"Sijasema gunia, wifi."

"Hujasema. Umefikiri."

Mama alikuwa pale pale anatafuna. Akasema chumvi imezidi.

Jumanne, 19 Machi

Wifi amepigilia komeo jipya mlangoni, juu kabisa, mahali ambapo mkono wa Mama haufiki.

Jumamosi, 23 Machi

Mama amegonga mlango kwa ndani tangu asubuhi. Hagongi kwa nguvu. Anagonga kwa adabu, kama mgeni. "Hodi," anasema. "Hodi jamani, nimechelewa kazini." Halafu anangoja. Halafu anaanza tena.

Wifi, kila akisikia hodi, anaongeza mwendo wa mashine. Nimeutazama mgongo wake, nikajiambia huyu moyo wake ni jiwe la kusagia. Mzazi wako anapiga hodi ndani ya nyumba yake mwenyewe, wewe unakanyaga cherehani!

Alhamisi, 28 Machi

Umeme hakuna tangu jana. Paa la jikoni linavuja. Hodi, hodi.

Jumatano, 3 Aprili

Wifi amepeleka shehena ya kwanza ya masweta shuleni. Nikajua nafasi ni hii.

Nilichukua blauzi nyeupe ya Mama, ile ya pamba. Kwa kuwa ya kukata ilituokoa kwenye masweta, nikaweka ya kukata, ile nzito, tabaka mbili, niwe na hakika. Herufi nikazijaza uzi mweusi mpaka zikasimama. Kwa mbele ilitoka kazi ya kupigia picha, jina na namba vinasomeka hata ukiwa ng'ambo ya barabara. Nikamvalisha Mama. Akajitazama kifuani, akasema, "Hongera." Sijui alikuwa anampongeza nani.

Saa ya chakula alikuwa anajikuna. Alasiri nikamkuta amekaa kitandani bila blauzi. Ameisokomeza nyuma ya ndoo. Kifuani pamekuwa pekundu, pamechubuka kama mtu aliyesuguliwa na brashi ya viatu.

Wifi aliingia nikiwa nimeinama na kitambaa cha maji ya baridi. Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali apige. Aliitoa blauzi nyuma ya ndoo, akaipindua, akapitisha kiganja kule ndani, kwenye ile karatasi ngumu na mafundo ya uzi.

"Wewe uliigusa huku?"

"Niliangalia mbele."

"Masweta yanavaliwa juu ya shati, wifi. Mama chini ya hii ana nini?" Akanipokonya kile kitambaa cha maji. "Ngozi ya umri wake ukiishika vibaya inabaki mkononi. Nenda kapike. Nitamwosha mwenyewe."

Nikaenda nikapika. Chumvi ilizidi kweli.

Alhamisi, 4 Aprili

Hatusemeshani.

Jumatatu, 8 Aprili

Bado. Tunazungumza kwa kupitia Mama. Leo wifi kasema, "Mama, mwambie mke wa kaka anipe mkasi." Mama akatazama meza, akasema, "Mkasi uko mbele ya pua yako. Una mkono."

Nilitaka kucheka. Naye nilimwona anataka. Hakuna aliyetangulia.

Jumanne, 16 Aprili

Nimebadilisha nguo, nimekunywa chai. Acha niandike yote kama yalivyokuwa.

Asubuhi mvua ilinyesha ya kumwagwa na ndoo. Nilikwenda kununua nyuzi, nikajibanza kwa muuza nyuzi mpaka ikapungua. Niliporudi nilimwona wifi kwa mbali, amesimama katikati ya barabara bila viatu, maji yanampita kwenye vifundo vya miguu. Nilijua kabla hajafungua mdomo.

"Nimemfungulia mimi," akasema. "Mimi mwenyewe."

Mama leo hakupiga hodi. Alilia. Alikaa chini mlangoni akalia kama mtoto aliyesahauliwa shuleni, na wifi akashindwa. Akafungua komeo, akamtolea kiti barazani atazame mvua, akamfunika khanga. Simu ikalia ndani: karani wa shule anauliza masweta yaliyobaki. Wifi akaingia kujibu. Alipotoka, kiti kipo, khanga ipo.

Nilikuwa na maneno nimeyaweka akiba tangu siku ya blauzi. Nilimtazama miguu yake ile, maneno yote yakanywea.

Tuligawana mitaa. Fundi viatu aliacha kazi yake, akachukua mwavuli, akaenda upande wa soko. Tukapita dukani, kwenye zahanati, kisimani. Kituo cha polisi askari alitupokea vizuri, akaandika. "Amevaa nini?"

"Gauni la buluu," wifi akasema.

"Ana kitambulisho? Kitu chochote chenye jina lake?"

Hatukutazamana. "Hana," nikajibu mimi.

Mchana ukapita. Mvua ikarudi. Tulikutana tena chini ya paa la kituo cha mafuta, tumelowa chepechepe, na hapo wifi akanishika mkono ghafla. "Tunamtafuta kama mtu aliyepotea," akasema. "Yeye hajapotea. Anakwenda kazini. Basi la kazini zamani lilikuwa linasimamia wapi?" Mimi sikujua, nimeolewa juzi juzi ukilinganisha. Yeye alikuwa akipelekwa huko mdogo, ameshikwa mkono. Akasimama akafikiri, macho kayafumba, anapita barabara za utotoni mwake. Halafu akaanza kukimbia.

Kituo chenyewe hakipo tena. Pamekuwa uwanja wa kuoshea mabasi. Mama alikuwa ndani ya basi moja, kiti cha mbele, amevikwa koti la kazi la mwanamke anayeosha mabasi hapo. Midomo imembadilika rangi. Mwosha mabasi alitufokea, na alikuwa na haki.

"Nimemwuliza jina, anasema yeye ni mama yao. Mama wa nani? Wa wale. Wale akina nani? Ananionyesha mvua! Sasa dada zangu, mimi nimpigie nani? Nimpigie mvua?"

Wifi alipiga magoti kwenye ngazi ya basi, akaishika miguu ya Mama akaanza kuisugua kwa viganja. Mama akamtazama utosini kwa upole.

"Zamu imekwisha?"

"Imekwisha, Mama. Twende nyumbani."

Jumatano, 17 Aprili

Homa kali. Daktari amesikiliza kifua, ameandika dawa, kasema tumlaze ameinuliwa kwa mito. Mashine tumezifunika.

Ijumaa, 19 Aprili

Tumekaa naye mchana, mmoja kila upande wa kitanda. Mama amelala, pumzi inakwaruza. Wifi akasema bila kunitazama, "Unajua kwa nini nilikataa ile habari ya jina?"

"Ulisema gunia."

"Gunia lilikuwa neno tu la kuokota." Akanyoosha shuka lililokwishanyooka. "Nikimwandika jina lake, nimekubali kwamba ipo siku hatalisema mwenyewe. Nikasema acha, labda bado. Labda tukifunga mlango vizuri, bado."

Nikamwambia lile nililolibeba: kwamba alipokuwa akiongeza mwendo wa mashine, nilimhesabu kuwa mtu asiye na huruma.

"Nilikuwa nalia, wifi," akasema. "Mashine ikipiga kelele, mtu aliye nyuma yako hasikii."

Wiki zote hizo niliutazama mgongo nikadhani nimemwona mtu. Nikamletea chai. Akaipokea kwa mikono miwili.

Jumapili, 21 Aprili

Homa imeshuka. Mama amekula uji wote. Ametuuliza sisi ni akina nani, tukamwambia. Akasema tunapendeza.

Jumatano, 24 Aprili

Wifi ndiye aliyesema. Kafunua mashine, kafuta vumbi: "Haya. Lakini hatujaribu kwa Mama. Tunajaribu kwetu."

Muuza nyuzi alitupa aina mbili. Ya kwanza ni ya kukata, ila nyembamba kama chandarua, unaweza kuikunja ndani ya ngumi isilete ubishi. Ya pili ni ya kufunika, laini kama nguo ya kichanga: ukishamaliza kutarizi unaibandika kwa pasi nyuma, juu ya mafundo ya uzi, ili ngozi isikutane nayo.

Tukatarizi vipande vya majaribio tukavibana kwa pini ndani ya blauzi zetu, kifuani, tukaendelea na kazi. Wifi alijichagulia kile cha karatasi nzito tabaka mbili. "Nataka kujua ulimfanya nini," akasema, na safari hii alikuwa anatabasamu. Kabla ya chakula alikuwa anacheza kama amekalia siafu. Mimi nilivaa chandarua bila kifuniko: nyepesi, ndiyo, lakini mafundo yanachoma moja moja. Mteja akaingia na suruali ya kupunguza, akatukuta sote wawili tunajikuna vifua. Akarudi nyuma hatua. "Humu kuna viroboto?"

Kipande cha karatasi ya kuchana hakikuwasha sana, lakini tulipokifua herufi zikasinyaa, namba ya simu ikawa haijulikani sita ni ipi na nane ni ipi. Mwisho tukafanya chandarua tabaka moja, herufi tukazipunguza uzi zisiwe nzito kuliko kitambaa kinachozibeba, nyuma kifuniko. Akakivaa wifi. Wakati wa kufunga duka nikamwuliza kikoje.

"Kipi?" akasema. Kisha akajishika kifuani, akatumbua macho. "Nilikuwa nimesahau kama ninacho."

Ijumaa, 26 Aprili

Tumechagua sweta lake la kijani, ambalo halivui hata jua likiwaka. Lakini tuandike wapi? Mgongoni, wifi kasema hapana, mgongoni ni kwa wafungwa. Ndani ya kola, nikasema mimi, nani atachungulia huko? Tukabaki tumelishika sweta, kila mmoja mkono wake. Halafu wifi akasema polepole, "Hospitalini walikuwa wanavaa majina. Hapa." Akagusa kifua, upande wa kushoto.

Basi likawa si suala la gunia tena. Mtu anayekwenda kazini huvaa jina lake.

Tukamwuliza mwenyewe. Mama akasikiliza yote. "Mashuka tuliyaandika yasiibwe," akasema. "Mimi ataniiba nani?"

"Hakuna, Mama," wifi akajibu. "Ila ukituacha nyuma, watu watuambie umefika wapi."

Akafikiri. "Basi msiweke nyeusi. Mnashona jina au mnaandika tangazo la msiba?" Akaingiza mkono kwenye boksi la nyuzi, akatoa rangi ya machungwa.

Tulibana chandarua peke yake kwenye fremu, gundi kidogo, sweta juu yake bila kulivuta, na juu ya yote ile karatasi ya maji, herufi zisizame kwenye sufu. Wifi akabonyeza. Mimi nilishika mikono ya sweta isining'inie ikavuta kazi. Jina likatoka herufi kwa herufi: lake, la baba yake, na chini namba zetu mbili. Tukakata kuzunguka, tukapitisha kitambaa chenye maji, tukabandika kifuniko.

Mama alilipindua kwanza. Akasugua nyuma ya tarizi kwenye shavu lake, mara moja, mara ya pili. Akavaa. Tulikaa tunamwangalia siku nzima kama watu wanaosubiri maziwa yachemke. Hakujikuna.

Jumamosi, 4 Mei

Masweta ya shule yameisha, tumeyakabidhi. Mvua za manyunyu tu. Wifi sasa kila asubuhi anatembea na Mama mpaka uwanja wa mabasi na kurudi, wanamsalimia mwosha mabasi. Mama akirudi anakaa ametulia, kama aliyetoka zamu kweli. Komeo lipo, usiku tu.

Jumapili, 12 Mei

Jua la kwanza la kuaminika. Tulikuwa uani tunaanika mashuka, tukidhani Mama amelala. Simu yangu ikalia, namba nisiyoifahamu.

"Samahani, nina mama hapa..." Akalisoma jina lote polepole, kama mtu anayesoma nguo iliyo mwilini mwa mtu mwingine.

Wifi aliangusha kibano. Niliweka simu sauti ya juu. "Ni wetu," nikasema. "Ni mzima?"

"Mzima kabisa. Mimi ni kinyozi, nipo nyuma ya soko. Nimempa maji. Nimesema nimsindikize, anakataa katakata. Anasema hawezi kuondoka, anasubiri binti zake wawili, wako njiani."

Nilimwomba arudie. Akarudia: wawili.

Mimi na wifi tukatazamana, katikati yetu shuka linachuruzika maji. Yeye akajipangusa mikono kwenye gauni, akalitupa shuka juu ya kamba bila hata kulinyoosha.

"Twende, mdogo wangu," akasema. Hakusema wifi.

Tulimkuta kwenye kile kiti cha kunyolea kinachozunguka, mbele ya kioo, shuka la kinyozi shingoni, limefunguliwa mbele ili jina lionekane. Alituona kupitia kioo kabla hatujaingia.

"Mmechelewa," akasema. "Kidogo tu huyu kijana aninyoe."

Tumerudi kwa njia ndefu, Mama katikati.